Mzumbe kwanza: siku moja kwa gari kwenye vyuo vya bonde la Ngerengere

Swali: "Mtaalamu, salaam. Tunaishi Tabata. Binti yetu amemaliza kidato cha sita na moyo wake uko nusu SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), nusu Mzumbe. Baba yake na mimi tunataka tumpeleke Morogoro avione vyuo kwa macho yake, na mdogo wake awepo, twende na kurudi siku hiyohiyo kwa gari letu dogo la injini ya 1300. Watu wanatuambia tulale huko. Je, inawezekana bila kulala? Tuanze na chuo kipi na tutoke saa ngapi?"

Inawezekana, mama. Tokeni nyumbani saa 10:30 alfajiri, anzeni na chuo cha mbali kabisa, yaani Mzumbe, mje mkirudi kuelekea mjini. Saa 9:00 alasiri gari liwe limeshatoka geti la SUA, hata kama mdogo mtu bado anataka picha moja ya mwisho. Safari hii huharibika kwa saa ya kuanza kurudi, si kwa mwendo wa kwenda. Ukichelewa kuondoka Morogoro kwa saa moja tu, giza litakukuta kati ya Chalinze na Kibaha, katikati ya malori, na kipande hicho ndicho cha mwisho kutamani kuwa gizani.

Kwanza mpangilio wa mahali, kwa sababu ndio unaoamua mpangilio wa saa. Vyuo mnavyovitaka viko bonde moja. Mto Ngerengere unatoka milima ya Uluguru, unapokea maji ya Mlali na vijito vingine vya upande wa Mzumbe, unatua kwenye bwawa la Mindu ambalo ndilo kisima kikuu cha mji wa Morogoro, unapita upande wa Mazimbu na Kihonda, kisha unageukia mashariki hadi kuingia Ruvu. Ruvu ndio huo mtakaouvuka baada ya Mlandizi, na ndio unaojaza mabomba mengi ya Dar. Kwa hiyo mkianza Mzumbe mtakuwa mnashuka na maji: Mzumbe, Mindu, Mazimbu, SUA, halafu nyumbani. Wengi hufanya kinyume. Wanafika Msamvu, njia panda ya kuingilia Morogoro, wamechoka, wanaona kibao cha SUA kiko karibu, wanaingia huko, wanakula, na saa nane mchana ndipo wanakumbuka kwamba Mzumbe bado iko kilomita zaidi ya ishirini mbele kwenye barabara ya Iringa. Wanakwenda mbio, wanakuta watumishi wa ofisi wanafunga mafaili, na wanarudi usiku.

Umbali: Dar hadi Msamvu ni takriban kilomita 195, Msamvu hadi Mzumbe ni kama 25. Ukijumlisha kwenda, kurudi na mizunguko ya mjini, hesabu kilomita 480. Injini ya 1300 yenye watu wanne na kiyoyozi, barabara ndefu, itakupa kilomita 13 hadi 15 kwa lita ikiwa plagi na kichujio cha hewa viko sawa. Hizo ni lita 32 hadi 37. Jazeni tanki jioni ya kuamkia safari, sheli ya mtaani kwenu, ili alfajiri msisimame. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo wiki hiyo angalia bei kabla ya kupanga bajeti. Ongezeni mafuta Morogoro mkiwa mnarudi, hata kama mshale uko nusu. Foleni ya Kibaha ya jioni si mahali pa kukaa huku taa ya mafuta ikiwaka.

Siku iwe Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Ijumaa jioni nusu ya Dar inatoka nje ya mji, Jumatatu asubuhi inarudi, na Jumamosi ofisi za udahili zimefungwa, mtaishia kuona majengo na miti. Epukeni siku nane za kwanza za Agosti: maonyesho ya Nanenane hufanyika kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere mnapoingia Morogoro, na barabara ya hapo hujaa. Na kama binti ameitwa JKT, pangeni kabla hajaripoti kambini. Familia nyingi husahau hilo, kisha fomu za vyuo zinajazwa na mzazi peke yake kwa simu.

Gari likaguliwe siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Anza na tairi. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira wake umezeeka. Joto la mchana na mwendo wa saa tatu mfululizo ndivyo vinavyolipasua, na likipasuka la mbele usukani unavutwa upande. Lililopita miaka sita lisiwe mbele, lenye nyufa lisiwe popote. Upepo upimwe tairi zikiwa za baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi madogo huwa kati ya PSI 30 na 33, ila soma cha kwako. Usipunguze upepo eti kwa sababu barabara ina joto. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi, na kule kujikunja ndiko kunakoleta joto. La akiba nalo lipimwe, maana huwa limelala buti mwaka mzima bila kuguswa.

Halafu rejeta. Magari madogo huchemka si kwenye mwendo bali kwenye foleni baada ya mwendo: feni haizunguki vizuri, au maji yamepungua, au mfuniko wa rejeta umechoka na haushiki presha. Mwambie fundi aliwashe likiwa limesimama dakika ishirini na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, aone kama feni inajiwasha na mshale unatulia. Likichemka njiani, zima kiyoyozi, pisha pembeni, subiri nusu saa nzima kabla ya kugusa mfuniko. Ukifungua moto, maji yanaruka usoni.

Kwenye gari viwemo: pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujaisha, jeki na spana inayoingia kwenye nati zako kweli (ijaribuni, spana nyingi zilizokuja na gari zimeshaliwa), bima hai, leseni ya dereva na vitambulisho vya NIDA vya wazazi. Vitambulisho hivyo ni kwa ajili ya mageti ya vyuo kuliko kwa ajili ya trafiki.

Sasa njia yenyewe. Saa 11:00 alfajiri muwe Kimara. Msishawishike kuingia njia ya mwendokasi hata ikiwa tupu. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara imepanuliwa, na mapema hivyo upande wa kutoka mjini unapitika. Hatari yake ni mabasi yanayotoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, yote yakiwa na haraka ya kwanza ya siku. Yaacheni yapite. Mtayakuta Chalinze yamesimama kula.

Baada ya Kibaha njia inakuwa moja kwenda na moja kurudi, na hapo ndipo dereva anapotakiwa kubadili akili. Hii ndiyo barabara ya mizigo ya bandari ya Dar kuelekea Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Malori yanafuatana, na karibu na mzani wa Vigwaza yanapanga foleni, mengine yakichomoza barabarani bila taa ya maana. Kanuni ya kuovateki ni hii: usilisogelee lori unalotaka kulipita. Baki nyuma yake kwa umbali wa sekunde tatu, ili uone mbele kupitia pembeni yake. Ukilibana, unachokiona ni turubai tu, na itabidi utoe pua ya gari barabarani kuchungulia. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto anakwambia pita, ya kulia anakwambia subiri. Ni ustaarabu mzuri wa barabarani, lakini ile ya kulia huenda ikawa anataka kukata kona tu, na ile ya kushoto ni hesabu yake yeye, haijui injini yako ya 1300 yenye watu wanne inachukua muda gani kupanda mwendo. Pita kwa macho yako. Malori mawili yakifuatana bila nafasi katikati, hesabu ni lori moja refu. Kama huwezi kuyapita yote, usianze.

Mkiona matawi mabichi yamelazwa kwenye lami, punguzeni mara moja. Kuna gari bovu mbele, mara nyingi baada tu ya kona au mgongo wa kilima. Na mkikuta lori la mafuta limepinduka, msisimame kutazama wala kupiga picha, geuzeni gari mkae mbali. Pale Msamvu, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililopinduka lililipuka watu wakiwa wamelizunguka, na zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Tochi, yaani kamera za trafiki za kupima mwendo. Kwenye vijiji kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na kibao chake mara nyingi hukaa mita mia kadhaa kabla ya nyumba ya kwanza, mahali ambapo mguu wako unaona bado ni porini. Mlandizi, Chalinze, Mdaula, Bwawani, Mikese: kote huko shuka hadi 50 kwenye kibao, si kwenye nyumba, na usipandishe mpaka uone kibao cha kufuta. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, hulipwa kwa namba ya malipo, haikabidhiwi mkononi. Ila zaidi ya faini, kwenye vijiji hivyo bodaboda huingia barabarani kutoka vichochoroni bila kutazama, na 50 ndiyo inayokuacha na nafasi ya kusimama.

Jambo moja jema la njia hii: asubuhi mnakwenda magharibi, jioni mnarudi mashariki, hivyo jua litakuwa mgongoni mwenu safari zote mbili. Wanaokuja mbele yenu ndio wenye jua machoni. Washeni taa za chini muda wote ili wawaone. Mkikutana na ukungu baada ya Chalinze, bakini na taa za chini vilevile. Taa full hupiga kwenye ukungu na kukurudishia mwanga usoni.

Pumzikeni Chalinze dakika kumi na tano, dereva anyooshe miguu, watoto wanywe chai. Msamvu mtafika saa 2:30 hivi. Msiingie mjini. Shikeni barabara ya Iringa moja kwa moja hadi Sangasanga, ndipo mkate kuelekea Mzumbe. Saa 3:15 mtakuwa getini.

Getini punguza mwendo, zima taa, shusha kioo, msalimie mlinzi na useme jambo moja: "Tumekuja ofisi ya udahili na mtoto anayetaka kuomba chuo." Mtaandika majina na namba ya gari. Ukisema "tumekuja kutembea tu" utajiletea maswali yasiyo na lazima, na huenda ukaambiwa uache gari nje.

Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa ya wakoloni, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM) mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001. Historia hiyo bado inaonekana kwenye masomo yake: utawala, sheria, uhasibu, uchumi, biashara. Ni chuo cha shamba kwa maana nzuri ya neno, kimetulia chini ya milima, mbali na mji. Hapo ndipo binti ajiulize kweli. Mwanafunzi wa Mzumbe akikosa hosteli anapanga chumba vijijini jirani kama Changarawe, na kila akihitaji kitu cha mjini anapanda daladala. Kwa mwenye kupenda kusoma bila kelele, ni pazuri mno. Kwa anayependa kuwa karibu na vurugu za mji, mwaka wa kwanza unaweza kuwa mrefu. Mwambieni atembee kwa miguu kutoka hosteli hadi madarasa na hadi kijijini, ninyi mkae kivulini mkimngoja. Dakika arobaini za miguu yake zitamfundisha zaidi ya kipeperushi.

Maswali ya kuuliza ofisini, na yaandikwe kabla ya safari: programu anayoitaka inafundishwa kampasi ipi? Mzumbe ina kampasi Dar es Salaam na Mbeya pia, na SUA inayo kampasi ya Mizengo Pinda kule Katavi. Kuna watoto hujaza fomu wakiwaza Morogoro, barua ikaja na jina la mahali pengine. Mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi na nani analipa nauli? Hosteli za mwaka wa kwanza zinagawiwaje? Alama gani za tahasusi yake zinahitajika mwaka huu, si mwaka jana? Hilo la mwisho mlilinganishe na mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka husika. Ofisi ikisema tofauti na mwongozo, shikeni mwongozo na muulize tena.

Saa 4:45 ondokeni. Mkirudi kuelekea mjini bwawa la Mindu linaonekana kutoka barabarani. Mnaweza kupisha pembeni dakika tano mahali penye nafasi nje ya lami. Bwawa ni la maji ya kunywa, kwa hiyo hakuna kuoga wala kuosha gari.

Kutoka hapo mkate Mazimbu, kampasi ya SUA yenye jina la Solomon Mahlangu. Hapa msipite haraka. Baada ya maandamano ya Soweto ya mwaka 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao. Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, eneo lililokuwa shamba la mkonge, wakajenga shule, nyumba, hospitali na mashamba, na kuiita kwa jina la Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 6, 1979. Mwaka 1992 ANC walikabidhi majengo kwa Tanzania. Makaburi ya wapigania uhuru waliofia huko bado yapo. Ingieni kwa heshima, ombeni ruhusa kwa mlinzi. Kwa mdogo mtu, ambaye mpaka hapo atakuwa amechoshwa na ofisi za udahili, hapa ndipo siku itakapompendeza. Kwa binti, Mazimbu ni ya kuangaliwa hasa akitaka ualimu wa sayansi. Saa nzima inatosha.

Chakula saa 6:30, mjini au kwenye kantini ya chuo. Dereva ale kidogo: wali sahani moja, si ugali na nyama choma ya kilo. Tumbo zito likikutana na jua la saa nane, usingizi haubishi hodi. Kama wazazi wote wawili mna leseni, badilishaneni hapa. Anayeendesha kurudi asile kama harusini.

SUA kampasi kuu, ya Edward Moringe, saa 7:30. Iko kama kilomita tatu tu kutoka katikati ya mji, miguuni mwa Uluguru, na tofauti na Mzumbe mtaiona mara moja: mashamba, mifugo, miti, maabara. Ilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1970, na ikawa chuo kamili Julai 1, 1984, ikipewa jina la Waziri Mkuu Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 12 mwaka huohuo, kwenye barabara ya Dodoma. Kilimo, misitu, tiba ya wanyama, wanyamapori, sayansi ya chakula: hizo ndizo nguzo zake. Ombeni kuona kitengo anachokitaka binti, si jengo la utawala. Anayesema anataka udaktari wa mifugo aone na anuse banda la ng'ombe. Bora abadili nia leo kuliko mwaka wa pili. Barabara inayopita hapo inaendelea hadi Mzinga, eneo la jeshi, hivyo kamera ziishie chuoni.

Mtashawishika kuongeza mambo mawili. La kwanza ni kupanda Morningside. Acheni, kunataka nusu siku ya miguu. La pili ni "Mikumi si iko hapo tu mbele?" Haiko hapo tu. Kilichobaki kinachoingia kwenye ratiba ni dakika kumi za Soko Kuu la Chifu Kingalu kununua karoti na ndizi za mlimani, na hizo zikatwe kwenye muda wa chakula, si kwenye saa ya kuondoka.

Saa 9:00 mtoke SUA, saa 11:00 jioni muwe mmeshaipita Chalinze, Kibaha mfike jua likizama. Kutoka hapo hadi Tabata ni foleni na uvumilivu. Ikitokea mvua kubwa au ajali imefunga njia na saa 11:30 bado mko Morogoro, laleni. Gharama ya vyumba viwili vya kulala wageni ni ndogo. Na ikiwa gari halikupita ukaguzi wa fundi, chukueni treni ya SGR: inafika Morogoro kwa chini ya saa mbili, stesheni iko Kihonda, na teksi moja ya kukodi siku nzima itawazungusha Mzumbe, Mazimbu na SUA kwa mpangilio huohuo.